Wimbo Hauvuki Bila Mkalimani

Hakuna ufunguzi wa tamasha unaopita bila mtu kushika kipaza sauti na kutamka kwamba muziki ni lugha ya dunia nzima. Mgeni rasmi husema, mtangazaji hurudia, msanii aliyerudi kutoka ziara ya Ulaya huthibitisha, na ukumbi hupiga makofi. Kauli hiyo inapendeza kwa sababu inatuahidi jambo kubwa bure kabisa: kwamba watu wasiojuana, wasioelewana, hata wanaopigana, wanaweza kupatana kwa kusikiliza tu, bila kujifunza chochote kuhusu wenzao. Mimi naiona kauli hiyo kuwa si kweli, tena yenye madhara. Wanaoitetea wana hadithi moja wanayoipenda kuliko zote, hadithi ya Kijapani ya waimbaji nyota wanaotuliza vita vya anga za mbali kwa nyimbo za mapenzi, ambayo imesimuliwa kwa zaidi ya miaka 40. Nitaanzia hapohapo kwenye ngome yao, kwa sababu naamini hawajaitazama vizuri.

Hadithi yenyewe ni Macross. Mfululizo wa kwanza wa katuni hiyo ulianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani Oktoba 1982 na ulikuwa na sehemu 36. Humo wanadamu wanavamiwa na Wazentradi, watu wenye miili mikubwa mno walioumbwa na ustaarabu wa kale kwa kazi moja tu, kupigana. Hawajui wimbo, hawajui ndoa, na wanaume na wanawake wao huishi katika majeshi yasiyochanganyika. Ndani ya meli ya anga ya wanadamu yumo Lynn Minmay, binti anayeishi kwenye mgahawa wa Kichina wa jamaa zake, ambaye anashinda shindano la urembo na kugeuka kipenzi cha meli nzima, mwimbaji wa aina ile ambayo Wajapani huiita aidoru. Adui anaisikia sauti yake na mkono unamtetemeka. Tangu hapo kila kizazi cha watazamaji kimepewa Macross yake: Macross 7 mwaka 1994 na bendi ya Fire Bomber, Macross Frontier mwaka 2008 na waimbaji Sheryl Nome na Ranka Lee, Macross Delta mwaka 2016 na Walküre, kundi la wasichana watano wanaohama sayari hadi sayari wakiimba katikati ya mapigano. Shoji Kawamori, mmoja wa walioiasisi, alilisukuma wazo hilo mbele zaidi mwaka 2012 katika AKB0048, ambamo burudani imepigwa marufuku kwenye sayari nyingi, na wasichana waliorithi majina ya waimbaji wa kundi la kweli la AKB48 wanashuka kutoka angani kuimba huku wakishambuliwa. Mtazamaji hutoka humo akiwa na imani moja: imba kwa moyo na galaksi nzima itakuelewa.

Lakini tazama kinachotokea kwenye skrini. Wazentradi wa mwanzo kuvutwa na Minmay ni majasusi watatu, Warera, Loli na Conda, ambao hupunguzwa miili na kupenyezwa ndani ya meli ya wanadamu, wakaishi humo. Wanatembea mitaani. Wanaona wanaume na wanawake wakila meza moja, wanaona maduka, nguo za rangi, watu wakicheka bila kupewa amri, na wanaporudi kwao wanabeba vitu vya huko pamoja na habari za kuwasimulia wenzao. Kilichowageuza ni kukaa na watu. Wimbo wa Minmay unawaingia kwa sababu wameshayaona maisha ambayo wimbo huo unayazungumzia. Wanajua mpenzi ni nani, mtu humngoja mwenzake kwa nini, na kuachwa kunaumaje. Wenzao wanaousikia bila maandalizi hayo hawapati amani. Wanapata mshtuko, wanachanganyikiwa kwa dakika chache, na makamanda wa wanadamu wanajua dakika hizo zina thamani gani. Mbinu hiyo inafahamika kwa mashabiki kama shambulio la Minmay: adui azubazwe kwa wimbo na kwa picha ya busu, kisha apigwe. Sijui lugha gani nyingine ambayo ushahidi wa kueleweka kwake ni kwamba msikilizaji amepigwa bumbuwazi.

Filamu ya mwaka 1984, iliyoisimulia upya hadithi hiyo kwa ajili ya majumba ya sinema, ina ushahidi mzito zaidi, na nashangaa kuona jinsi unavyopitwa. Humo Wazentradi wana lugha yao iliyotungwa mahususi kwa filamu, na tunaisikia wakiisema. Wana wimbo pia. Wamehifadhi mahadhi ya kale yaliyobaki kutoka kwa wale waliowaumba. Mahadhi wanayo, maneno hawana. Kama muziki ungekuwa lugha inayojitosheleza, kazi ingekwisha hapo: tuni ipigwe, wote wafahamu, bunduki ziwekwe chini. Badala yake kila kitu kinasimama kusubiri maneno. Afisa wa meli, Misa Hayase, anakuta maandishi katika magofu ya mji wa kale duniani, anakaa kuyafasiri, na tafsiri yake ndiyo anayokabidhiwa Minmay aiimbe. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulipaswa kuliona hili mapema kuliko wengine, maana mashairi na tenzi zetu zimeimbwa tangu enzi na enzi, na hakuna mtu wa Lamu au Pemba anayedhani kwamba sauti ya mwimbaji inatosha bila kuyajua maneno. Mwishoni Misa anaulizwa ule ulikuwa wimbo gani, naye anaeleza kuwa ulikuwa wimbo wa mapenzi tu, wa kawaida, uliopendwa zamani. Hapakuwa na muujiza katika mahadhi yake. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa mtu wa kuufasiri, na mtu huyo hayumo kwenye bango la filamu akiwa mbele. Mbele yupo mwimbaji.

Kisha kuna hiyo amani yenyewe. Katika mfululizo wa televisheni, kundi la meli za Wazentradi linalokaribia milioni 4.8 linaimwagia dunia moto, na karibu wanadamu wote wanateketea kabla wimbo haujafanya kazi yoyote. Mkuu wao, Boddole Zer, haangushwi na sauti ya mtu; anaangushwa na makombora, huku Wazentradi walio chini ya kamanda Britai wakiwa wameshaamua kupigana bega kwa bega na wanadamu. Hiyo ni sehemu ya 27. Waandishi wangeweza kufunga kitabu hapo, na mashabiki wengi hukumbuka kana kwamba walikifunga. Lakini zipo sehemu tisa zaidi, na nazihesabu kuwa za kweli kuliko zote. Wazentradi wanawekwa kwenye miji ya wanadamu wafanye kazi na waishi kama raia. Wengi wanashindwa. Kazi za kila siku zinawachosha, desturi zinawatatiza, wanaona aibu, hasira inarudi, na wanamfuata Kamjin, mmoja wa makamanda wao, msituni kuasi. Nyimbo za Minmay zipo wakati wote huo, zilezile zilizosimamisha vita, ila sasa anaziimba katika kumbi ndogo mbele ya watu wachache. Hakuna wimbo uliomfundisha Mzentradi jinsi ya kukaa na jirani, kudai ujira wake au kumwomba mke msamaha. Kazi hiyo ilihitaji shule, lugha, subira na miaka, na katika hadithi hakuna aliyeipangia bajeti.

Matoleo yaliyofuata yanazidi kulibana jambo hili. Macross Plus, iliyotoka katika miaka ya 1994 na 1995, inatuletea Sharon Apple, mwimbaji ambaye ni programu ya kompyuta, na uwezo wake wa kuwafikia watu wote kwa pamoja unaonyeshwa waziwazi kuwa ni ulozi: mji mzima unapumbaa na kumtii. Katika Frontier, viumbe wanaoitwa Vajra wanausikia wimbo wa Ranka kwa sababu ya vijidudu alivyozaliwa navyo tumboni, alivyoambukizwa na mama yake, vinavyotoa mawimbi ambayo viumbe hao hutumia kuwasiliana. Sheryl, ambaye umaarufu wake umeenea galaksi nzima, vijidudu hivyo vimekaa kichwani mwake na vinamwua polepole. Mwanasiasa mwenye tamaa, Leon Mishima, anautumia wimbo wa Ranka kuwavuta Vajra ili waangamizwe, na msichana huyo anapotambua amefanywa chambo anaondoka. Na katika Delta, wimbo uko pande zote mbili za vita. Walküre wanaimba kuwatuliza watu waliopatwa na ugonjwa wa Var, unaowafanya wawe na ghadhabu isiyozuilika. Upande wa pili, ufalme wa Windermere unamsimamisha Heinz, mtoto wa mfalme, aimbe ili kuwatawala watu haohao wagonjwa na kuwafanya jeshi lake. Sauti nzuri hapa, sauti nzuri kule. Tofauti inatokana na nani amemwagiza mwimbaji, na kwa nia gani.

Tofauti hiyo inajulikana katika ukanda wetu kwa namna inayoumiza. Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa Rwanda, na nyimbo zake zilisikika kwenye redio ya RTLM mwaka 1994. Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Ni haki kueleza sawasawa: alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo. Lakini majaji waliona pia kwamba nyimbo zake tatu zilitumiwa katika kampeni ya kuwachochea watu wawashambulie Watutsi. Nyimbo hizo zilikuwa katika Kinyarwanda, lugha ambayo waliowindwa na waliowawinda waliizungumza kwa pamoja. Walisikia mahadhi yaleyale, waliyaelewa maneno yaleyale. Anayesema muziki huunganisha kwa asili yake hana budi kueleza ni asili gani hiyo iliyolala siku zile.

Watetezi wa kauli hii hawakosi hoja, na hoja yao bora hutoka maabara. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa Wamafa, wakulima wa milima ya kaskazini mwa Kamerun, ambao walipigiwa vipande vya piano vya Kizungu wasivyowahi kuvisikia na wakaweza, kwa kiwango kinachozidi bahati nasibu, kutambua kipi ni cha furaha, kipi cha huzuni na kipi cha hofu. Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake wakawapigia watu 750 wa nchi 60 vipande vifupi vya sekunde 14, vilivyotoka katika jamii 86, na wasikilizaji wakatambua vizuri nyimbo za kuchezea ngoma na za kubembelezea watoto. Siyabezi matokeo haya. Ni mazuri, na yanaonyesha kwamba sauti ya binadamu inabeba mambo fulani yanayovuka mipaka. Ila tazama ni mambo gani. Mtu anaweza kujua kwamba huu unachezwa na ule unamlaza mtoto, kama vile mtu asiyejua Kirusi anavyoweza kutambua kuwa Mrusi mbele yake amekasirika. Hajajua amekasirishwa na nini. Tena katika utafiti huo wa 2018 kulikuwa na aina moja ya nyimbo ambayo wasikilizaji walishindwa kuitambua kwa uhakika, nayo ni nyimbo za mapenzi. Soma hapo mara mbili. Aina ileile ambayo Macross inasema itapenya masikio ya wageni wa nyota za mbali ndiyo ambayo binadamu kwa binadamu hawaitambui. Na mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kwamba Watsimane wa Bolivia, waliokulia mbali na muziki wa Kizungu, walizipenda sawasawa sauti zinazopatana na zile ambazo masikio ya Kizungu huziona kuwa zinagombana. Hata kile tunachodhani ni utamu wa asili, sehemu yake tumefundishwa.

Hoja ya pili iko karibu na nyumbani. Mtu atasema: mbona rumba ya Kongo ilitikisa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa miongo, na wachezaji wengi hawakujua Kilingala hata neno? Ni kweli walicheza, na kucheza kuna raha yake isiyohitaji kibali cha mtu. Lakini turudi kwa wanamuziki wenyewe tuone walifanya nini. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Angeweza kuendelea na lugha za huko na watu wangecheza vilevile. Aliimba Kiswahili, na alipoimba Kiswahili ndipo akawa Dokta Remmy, mtu ambaye maneno yake juu ya umaskini, kifo na ubaguzi yalirudiwa na watu waliokuwa wamesimama bila kucheza. Wimbo wake kuhusu kondomu, Mambo kwa Soksi, ulikataliwa kupigwa Radio Tanzania. Mahadhi yake hayakuwa na kosa lolote. Kilichozuiwa kilikuwa maana. Kama angeuimba katika lugha isiyojulikana na wasikilizaji wake, ungepita hewani kama nyimbo nyingine za kuchezwa, na usingemwokoa mtu hata mmoja na UKIMWI. Waliosema rumba haikuhitaji lugha walikuwa wakisema kuhusu miguu yao.

Hoja ya tatu ndiyo inayoibeba AKB0048: kama nyimbo hazina nguvu ya kuwafikia watu wote, kwa nini madikteta wanaziogopa? Jirani wa Japani anatoa mfano unaofanana na hadithi hiyo kiasi cha kushangaza. Januari 2016, baada ya Korea Kaskazini kujaribu bomu la nyuklia, Korea Kusini ilirudisha spika kubwa mpakani na kuvurumisha nyimbo za vijana wake upande wa pili. Desemba 2020 Korea Kaskazini ikapitisha sheria inayotoa adhabu kali kwa wanaosambaza filamu na nyimbo za Kusini. Watetezi wanauona huu kuwa ushahidi wao. Kwangu ni ushahidi dhidi yao, kwa sababu pande zote mbili za mpaka huo husema Kikorea. Askari wa Kaskazini anayesikia wimbo wa Seoul anajua msichana anasema nini, anamwitaje mpenzi wake, analalamikia nini, ana uhuru wa kukataa nini. Na serikali ya Kaskazini inaelewa hivyo hasa, kwani Januari 2023 ilitunga sheria nyingine, hii ikihusu lugha yenyewe, kuwazuia raia wasizungumze kwa maneno na lafudhi ya Kusini. Watawala hao hawakubabaishwa na kauli ya matamasha. Wanajua kinachovuka waya ni maneno, na kwamba mahadhi ndiyo gari.

Hata wenye biashara ya waimbaji nyota hawaiamini imani wanayotuuzia. Mwaka 1985 kampuni ya Harmony Gold ya Marekani iliichukua Macross ya kwanza, ikaiunganisha na katuni nyingine mbili, ikaiita Robotech. Nyimbo za Minmay, zile zinazodaiwa kuwashinda majitu wa anga, ziliondolewa na kuwekwa nyingine za Kiingereza. Wimbo unaovuka galaksi ulishindwa kuvuka bahari ya Pasifiki. Baadaye mvutano wa haki ulizuia matoleo mengi ya Macross kusambazwa nje ya Japani kwa miaka mingi, mpaka makubaliano yaliyotangazwa Aprili 2021. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili. Nalo AKB48, lililoanzishwa Akihabara mwaka 2005, lilipotaka soko la Asia halikupeleka wasichana wa Tokyo wakaimbe Kijapani na kungoja lugha ya dunia ifanye kazi. Lilianzisha JKT48 kule Jakarta mwaka 2011, SNH48 kule Shanghai, BNK48 kule Bangkok, likaajiri wasichana wa mahali husika, na nyimbo zikatafsiriwa Kiindonesia, Kichina na Kithai. Sioni ubaya katika hilo. Ni busara, ni heshima kwa msikilizaji. Nataka tu izingatiwe kwamba watu waliotia fedha zao hapo walianza kwa kutafuta wafasiri.

Naweza kuulizwa: hata kama kauli si kweli, inamdhuru nani? Inamdhuru kwanza yule anayeimba kwa lugha ndogo. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana kutumia jina moja, muziki wa dunia, kwa ajili ya kupanga madukani nyimbo za watu wa kila bara. Nia yao ilikuwa kuziuza, na ziliuzika. Lakini jina hilo lilikuja na ruhusa ya kutouliza wimbo unasema nini. Taarabu ya Unguja ikawekwa rafu moja na kwaya za Bulgaria, na msikilizaji akaambiwa ajiachie tu. Taarabu ni sanaa ya mafumbo. Mwanamke anainuka kutunza, anapita mbele ya mtu fulani, na ukumbi wote unajua amepigwa nani kijembe. Atakayesikia vinanda na sauti nzuri tu hajaisikia taarabu, amesikia mlango wake ukifunguliwa. Siti binti Saad aliyetoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi aliimba, miongoni mwa mengine, juu ya mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaudhi watu wa mjini. Ukimpenda Siti bila kuijua kesi ile, unampenda kama mtu anayependa sauti ya shahidi mahakamani bila kujali ushahidi wake. Pili, inamdhuru mwimbaji mwenyewe. Anayeamini kwamba sauti ni nguvu ya asili, kama upepo, hujisahaulisha kwamba kuna mtu anayechoka. Freyja Wion wa Walküre ni mzaliwa wa Windermere, ambako watu huishi miaka kama 30 tu, na kila anapoimba kwa nguvu zote maisha yake hupungua. Anaendelea kuimba, wenzake wanaona, kikosi kinaona, na katika filamu ya mwaka 2021 anafariki. Mashabiki walilia. Ningependa walie pia kwa utaratibu uliomhitaji binti huyo afe ili wengine waseme muziki umeshinda.

Sidai kwamba watu waache kusikiliza nyimbo wasizozielewa. Nadai wasiite usikilizaji huo uelewano. Pesa ya wizara ya utamaduni ikitengwa kwa ajili ya tamasha la urafiki wa mataifa, fungu la mwanzo liende kwa anayefasiri mashairi na kuyachapisha kwenye karatasi ya mkononi. Kituo cha redio kikipiga wimbo wa Kisomali au Kiamhara, mtangazaji aseme kabla ya wimbo unahusu nini. Katuni za Kijapani zenyewe zimewafikia vijana wengi wa Afrika Mashariki kwa maandishi yaliyokaa chini ya picha, mengi yakiwa yameandikwa usiku na watu wasiolipwa, na majina yao hayatajwi na yeyote anaposimama kusifu nguvu ya muziki wa Macross.

Na wapo wasichana ambao kweli wanaimba galaksini. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na sahani ya dhahabu iliyoandaliwa na kamati ya Carl Sagan: salamu katika lugha 55 na vipande 27 vya muziki. Miongoni mwa salamu hizo Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Miongoni mwa vipande vya muziki, pamoja na Bach na Chuck Berry, upo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, wimbo wa unyago wao, uliorekodiwa na Colin Turnbull. Unadumu sekunde 56. Mwaka 2012, mwaka uleule ambao AKB0048 ilionyeshwa, Voyager 1 ilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, na wasichana hao, pamoja na wenzao wa kwenye sahani, wakawa waimbaji waliofika mbali kuliko wengine wote waliowahi kuishi. Jina la aliyerekodi limehifadhiwa. Majina yao hayamo kwenye orodha. Wimbo wa namna hiyo unaweza kuwa na maneno machache, lakini maana yake imo katika siku unayoimbwa, nani anatolewa ndani, nani anaruhusiwa kusikia na nani anapaswa kukaa mbali, na hayo yote hayakuandikwa kwenye sahani. Wambuti wangalipo Ituri. Kiswahili cha Kongo ni lugha ya masoko yao na ya majirani zao, na kutoka Bunia hadi Bukavu haihitajiki meli ya anga kwenda kuwauliza.